Mshauri wa Waraibu Naye Asomeshwe

Visiwa vyetu vimekwishapiga hatua ambazo si haki kuzibeza katika mapambano dhidi ya dawa za kulevya. Hospitali ya Kidongo Chekundu ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini mwaka 2015, huduma ambayo kwa upande wa Tanzania Bara ilianzia Muhimbili mwaka 2011. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, aghalabu zikiendeshwa na vijana ambao wenyewe wamekwishapita katika balaa hilo. Utafiti wa mwaka 2007 ulikuta kwamba asilimia 16 ya wanaojidunga sindano Unguja walikuwa na virusi vya UKIMWI. Ule wa mwaka 2012 ukakuta asilimia 11.3. Kiwango kilishuka, lakini kilikuwa bado ni cha kutisha kwa nchi ambayo, kwa wananchi wote kwa jumla, hakikufika hata asilimia 2.

Basi dawa ipo na nyumba zipo. Upungufu mkubwa ni wa watu waliosomea kazi ya kukaa na mraibu na kumwongoza, na jambo hilo tunaliweka leo mbele ya Serikali na Chama.

Methadoni hutuliza arosto. Haimfundishi mtu namna ya kurudi mtaani kwao, akapita mbele ya maskani ile ile, akaitwa kwa jina lile lile la utani, asisimame. Tena iko hatari ambayo wazee wengi hawaijui. Mtu aliyeacha unga kwa miezi kadhaa, mwili wake hupoteza ule uzoefu. Akirudia siku moja tu kwa kipimo alichokuwa akitumia zamani, kipimo hicho chaweza kumuua. Mzazi aliyefurahi kumpokea mwanawe akiwa na afya na mwili umejaa, anahitaji kuambiwa hayo mapema, na mtu anayejua anachokisema.

Wapo wanaodhani kuwa nasaha ni ulimi mzuri, na kwamba kila mwenye hekima na sauti ya upole anaweza kuitoa. Kwa waraibu dhana hiyo imetugharimu. Mwanasaikolojia wa Kimarekani William Miller alionyesha katika maandishi yake ya mwaka 1983, juu ya watu waliozidiwa na ulevi, kwamba kadiri mshauri anavyombishia mgonjwa ndivyo mgonjwa anavyozidi kujitetea. Kazi ni kumsaidia aseme mwenyewe sababu zake za kuacha. Kunyamaza kwa namna hiyo ni ufundi, na ni mgumu kuliko kuhutubu. Sisi makada tunalijua hilo vyema kuliko wengi.

Ufundi huo hufundishwa. Huko Marekani, bodi inayopima kozi za uzamili za ushauri nasaha, ukiwemo ule wa waraibu, inamtaka mwanafunzi atimize saa 100 za mazoezi na kisha saa 600 za kazi chini ya msimamizi kabla ya kuhitimu. Atakayeona saa hizo ni nyingi na akumbuke chuoni kwetu: hakuna aliyekabidhiwa watoto awasomeshe kwa sababu tu amekhitimu. Alikaa kwanza ubavuni mwa mwalimu, akawasikiliza wadogo wakisoma, na mwalimu akimsikiliza yeye.

Kwetu liko jambo linalozidisha haja hiyo, nalo ni siri. Katika mji mkubwa mshauri na mgonjwa hawaonani tena mpaka miadi ijayo. Hapa watakutana arusini, mazikoni na katika boti ya kwenda Pemba. Mama wa mgonjwa ni shoga yake dada wa mshauri. Sheha atataka kujua nani anatibiwa, na polisi watataka kujua anauziwa wapi. Mshauri asiyefundishwa mipaka ya kazi yake atasema neno moja barazani kwa nia njema kabisa, na kuanzia hapo hakuna kijana wa shehia ile atakayekubali kumfungulia moyo. Kozi ya kuagizwa nje nzima nzima haitoshi kwa hilo. Mtaala hauna budi kuandikwa kwa ajili ya watu wanaojuana.

Itasemwa kwamba shahada ya uzamili itawafungia mlango wale waliopata nafuu, ambao wengi wao waliacha skuli mapema, ilhali ndio wanaoaminiwa na wenzao. Hoja hii ni nzito. Wasiondolewe, wawekewe ngazi ya cheti na stashahada, na ujuzi wao uhesabiwe. Lakini naye anayemtuliza mwenzake usiku wa manane anahitaji msimamizi wa kumwendea asubuhi, kwani ni rahisi mtu huyo kuvutwa tena. Wasimamizi hao ndio tunaowataka wenye shahada.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ndicho mahali pa kuanzia, kwa wanafunzi wachache wanaofanya mazoezi Kidongo Chekundu na katika nyumba za upataji nafuu, Unguja na Pemba. Lakini kabla ya kumwandikisha hata mmoja, wanaohusika na utumishi wa umma wahakikishe kwamba mshauri wa waraibu ana nafasi yake katika muundo wa utumishi, kwa cheo na mshahara unaojulikana. Bila ya hivyo, tutasomesha vijana kwa fedha za wananchi, na baada ya miaka 2 tutawakuta wakiandika mihtasari ya vikao katika afisi za wizara.