MAJAHAZI HAYAJAPITWA NA WAKATI

Wanafunzi wenzangu,

Mtakumbuka kwamba muhula huu Chama cha Mjadala kiliuliza kama majahazi yamepitwa na wakati, na waliokubali wakashinda kwa kura nyingi. Mimi nilikuwa upande wa pili. Msemaji mmoja aliposema kwamba jahazini watu hula samaki nusu mbichi kama paka, mlicheka sana, nami nikainama. Sikusimama, kwani ningalisimama ningalilazimika kueleza nimejuaje. Basi leo naeleza: baba yangu ni baharia, na katika likizo ya Juni mimi nilikuwa mpishi wa chombo.

Tulipakia nazi Kilindoni, kisiwani Mafia, tukaja na upepo wa kusi mpaka Kunduchi, wilaya ya Kinondoni, ambako ndiko kwetu. Jiko letu lilikuwa sanduku la mbao lililojazwa mchanga, na juu yake mafiga matatu. Huwekwa upande wa demani, ili cheche zianguke baharini zisipande tangani. Kuni zilikuwa makumbi na vifuu. Anayedhani kazi hiyo ni ya mjinga, na ajaribu kusonga ugali huku sufuria inamkimbia.

Mlo wangu wa kwanza nilipika wali kwa maji ya bahari matupu, nikidhani naokoa maji ya pipa. Mabaharia wakala matonge mawili matatu, wakatazamana, kisha wakanywa maji mengi kuliko yale niliyookoa. Baba akanivuta kando.

"Mwanangu, kikombe kimoja cha bahari, vitatu vya pipa."

Basi, hakuongeza neno. Niliporudi shuleni nilipiga hesabu. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Ukichanganya kwa kipimo cha baba, kila lita hubaki na karibu gramu 9, na wali hukolea barabara. Baba aliacha masomo darasa la nne.

Adhuhuri tulikuwa tukirambaza, nguru mkubwa akanasa. Nilitaka kumlaza juu ya nazi mpaka nimalize kukuna, nahodha akanikemea kwamba samaki wa namna ile halazwi juani hata kidogo. Akapasuliwa papo hapo, akaoshwa kwa maji ya bahari. Vipande vingine vikaingia katika tui lenye ndimu na pilipili, vingine vikashindiliwa chumvi ndani ya debe. Nilidhani mzee anaogopa harufu tu. Kumbe nguru na jodari wakikaa katika joto, vijidudu hufanya ndani yao sumu iitwayo histamini, ambayo moto wa jikoni hauiondoi hata ukichemsha mpaka usiku. Nani kati yetu, pamoja na baiolojia yetu yote, alikuwa akilijua hilo? (Mchuzi wenyewe, nisiwafiche, ulishinda wowote tuliowahi kupakuliwa hapa bwenini.)

Najua jibu lenu. Boti za mwendo kasi hufika Unguja kwa saa mbili hivi, na majahazi huzama. Ni kweli, wala simshauri mtu apande chombo kilichopakiwa kupita kiasi au kisicho na maboya ya kujiokolea. Lakini nazi za Mafia hazina haraka, na upepo hauuzwi kwa lita. Alan Villiers wa Australia, baharia aliyekulia katika merikebu kubwa za matanga, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait lililokuja Unguja na delta ya Rufiji kuchukua boriti, akaandika kitabu kizima. Sisi tuliozaliwa pwani hii tunaona haya kusema tulikula nini humo.

Kwa hiyo naomba Chama cha Mjadala kiirudie hoja hii muhula ujao, na kimwalike baba. Amekubali kuja, ilimradi isiwe siku ya upepo mzuri. Nami safari hii nitasimama.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV