Sauti Nzito Nazo Zipewe Nafasi

Hivi karibuni nilihudhuria arusi huku kwetu Port Reitz, na nimerudi na dukuduku ambalo sikuona vyema kulimeza. Baada ya sala ya Isha wanaume tuliketi uani, na wanawake walikuwa ndani pamoja na biharusi, wakitegemea spika iliyowekwa dirishani. Babake biharusi alikuwa ametunga shairi la wasia kwa mwanawe, akamwomba kijana mmoja wa mtaani aliimbe. Kijana huyo Mwenyezi Mungu amemjaalia sauti nzito ya chini, mfano wa vumi.

Lahaula! Tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho hatukuambulia neno. Kinanda cha umeme kilinguruma, gitaa la besi likanguruma nacho, ngoma zikadunda, na barabarani malori ya makontena yakapita moja baada ya jingine. Fundi wa mitambo akaongeza besi kwenye maikrofoni akidhani anamsaidia kijana, kumbe anamzamisha. Akaongeza nguvu, spika zikapiga mluzi. Mwisho kiongozi wa kikundi akamnong'oneza apandishe sauti. Akapandisha, ikamkatika, watu wakacheka. Nilimtazama yule mzee, nikaona ameinamisha kichwa. Asubuhi yake kijana aliniambia kwamba haimbi tena.

Je, kosa ni la nani? Wengi walisema sauti ile haifai kwa taarabu. Mimi nakataa katakata.

Sauti ni mitikisiko ya hewa. Mwanamume azungumzapo, sauti yake hutikisika kiasi cha mara 85 hadi 180 kwa sekunde. Ya mwanamke, kiasi cha mara 165 hadi 255. Uzi mnene wa gitaa la besi huanza kama mara 41, na noti zake nyingine huingia papo hapo alipo muimbaji wa sauti nzito. Mkono wa kushoto wa mpiga kinanda nao umo humo humo. Na ndiyo tabia ya masikio yetu: mngurumo wa chini ukizidi, hufunika sauti zilizo juu yake. Muimbaji wa sauti nyembamba hupaa juu ya zogo hilo. Mwenye sauti nzito humezwa.

Tena kuna jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Maneno hayajulikani kwa ngurumo. Chukua paa, taa, kaa na saa: kinachoyatenga ni herufi ya mwanzo tu, na mipasuko na mivumo ya herufi hizo iko juu sana, kwenye mitikisiko elfu kadhaa kwa sekunde. Basi anayetaka kumsaidia mwenye sauti nzito asimwongezee besi. Ampunguzie kidogo, amwinulie sehemu ya juu ili herufi zitoke, kisha apunguze besi ya kinanda. Na muimbaji asiimeze maikrofoni, kwani nyingi za jukwaani huongeza besi zikigusa mdomo.

Lakini dawa kubwa haimo katika mashine. Ni adabu ya vyombo. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya Mombasa kuwa kwao na kufariki mwaka 2016, aliimba huku akipiga udi mwenyewe, na shairi likasikika. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa na njia yake nyingine, ya kupanda juu kwa mahadhi ya Kihindi, nasi tulimpenda. Ila si kila koo ni koo la Bhalo. Huko Misri, Umm Kulthum, aliyefariki mwaka 1975, sauti yake ilizidi kuwa nzito kadiri umri ulivyosonga; nyimbo zake zikashushwa zimfuate yeye. Na Unguja Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alisifiwa kwa sauti nzito yenye mikwaruzo.

Kwa hiyo nawaomba wenye vikundi: muimbaji aingiapo, besi itulie, na kinanda kijibu baada ya mshororo, si juu yake. Wimbo ushushwe au upandishwe kwa kadiri ya koo la muimbaji. Nanyi mafundi, jifunzeni kupunguza kabla ya kuongeza. Wahenga walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka.

Na sisi wenye arusi tusijitoe lawamani. Ni sisi tunaodai spika kubwa kuliko za jirani, kisha tunalalamika kwamba taarabu ya siku hizi haina maneno. Maneno yapo. Tumeyafukia wenyewe, na pamoja nayo tunawafukia vijana waliojaaliwa sauti ambazo hawakuzichagua.

Yule mzee shairi lake bado analo kwenye karatasi, na biharusi hajalisikia hadi leo. Nimemwendea kijana kumwomba tukutane barazani kwangu, kwa udi mmoja na ngoma ndogo, aliimbe upya, na biharusi aalikwe pamoja na mumewe. Hajanijibu. Nitamwendea tena.