Hoteli Iliyobomolewa Isinyimwe Kumbukumbu

Mwaka 1906, Wajerumani walipokuwa wakiwanyonga viongozi wa Wangoni kule Songea, na kuyachoma mashamba na maghala ya kusini ili njaa iwavunje wale ambao risasi haikuwavunja katika vita vya Maji Maji, huku Dar es Salaam, hatua chache kutoka ufuko wa bandari, walikuwa wakijenga hoteli. Waliiita Kaiserhof, kwa taadhima ya mfalme wao, wakaichagulia mahali pa fahari, mkabala na kanisa la Kilutheri la Azania Front ambalo walikuwa wamelikamilisha miaka minne kabla yake, ili msafiri ashukaye melini asiwe na mwendo mrefu baina ya mashua na kitanda. Maafisa, wafanyabiashara na walowezi ndio waliokuwa wageni wake. Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba sinia, sanduku au ufagio, na jioni alirejea ng'ambo ya pili ya mji.

Jengo lile halipo tena. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, na katika zama zao hoteli ikapata jina la New Africa. Hatimaye kuta za Kijerumani zikabomolewa, na juu ya kiwanja kile kile, penye pembe ya Mtaa wa Azikiwe na Barabara ya Sokoine, imesimama leo hoteli ya ghorofa nyingi yenye jina hilo la pili. Mimi si katika wale wanaotaka kila tofali la kale lihifadhiwe. Mji wa bandari hauna budi kujengwa upya, na hata Soko la Kariakoo, kazi adhimu ya msanifu wetu Beda Amuli, lililofunguliwa katikati ya miaka ya 1970, lilisimamishwa mahali pa banda la soko la Wajerumani, wala simwoni mwenye insafu atakayeililia badala ile. Ninalolidai ni kwamba pale palipokuwa na Kaiserhof pawekwe jiwe, na juu ya jiwe hilo yaandikwe yote mawili: waliofungiwa mlango, na waliokuja kuufungua.

Maana fasili ya pili ya habari hii ndiyo yenye uzito kwetu. Baada ya Uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, mji huu uligeuka kimbilio la kila aliyefukuzwa kwao na Wareno, Makaburu au walowezi wa Rodeshia. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilizaliwa hapa hapa tarehe 25 Juni 1962. Mwaka uliofuata Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ikapewa makao yake Dar es Salaam. Na watu waliokuwa na ofisi ndogo zenye meza moja na taipureta moja, wasio na pasipoti wala mshahara wa kujivunia, jua likishazama walikwenda kuketi New Africa. Ryszard Kapuściński, mwandishi wa Kipoland aliyeishi mjini humu mwanzoni mwa miaka ile ya 1960, aliyaona mabaraza hayo kwa macho yake akayaandika. Wapigania uhuru waliketi meza zinazokaribiana na mabalozi, waandishi wa habari na majasusi, na habari iliyonong'onwa hapo usiku aghalabu ilikuwa imekwisha fika Lisbon au Pretoria kabla ya wiki kwisha. Samora Machel ni mmoja wa vijana waliofika mji huu wakitafuta jeshi la kujiunga nalo. Leo barabara kuu ipitayo jirani na hoteli hiyo inaitwa kwa jina lake.

Wakubwa wa zamani hawakuzembea katika jambo hili la kujikumbuka. Katika njia panda iliyo karibu, Wajerumani walimsimamisha gavana wao wa zamani, Hermann von Wissmann, wa shaba. Waingereza wakamng'oa, na mwaka 1927 wakaiweka Sanamu ya Askari, ambaye hadi leo ameielekeza bandarini bunduki yake yenye singe. Maandishi ya chini yake yanawataja askari na wapagazi, wale wapagazi ambao kambi yao ilikuwa Kariakoo, na ninafurahi kwamba wametajwa. Walakini vita waliyoitumikia, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ilikuwa ya wengine. Vita vya ukombozi wa kusini tulivichagua wenyewe, tukavilipia kwa mali na kwa damu, na vinastahiki jiwe lao katika mtaa huo huo.

Lakini jiwe peke yake halitoshi. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, nayo ni njema kwa jengo lililosalia; jengo lililokwisha kuhukumiwa kubomolewa linahitaji hifadhi ya namna nyingine. Kabla ya kibali kutolewa, lipigwe picha chumba kwa chumba, ramani yake ichorwe, na nakala ziwekwe katika Nyaraka za Taifa kwa gharama ya yule atakayekifaidi kiwanja.

Fauka ya hayo, wako wazee. Mtumishi wa mezani wa New Africa aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1962 sasa amepindukia themanini. Yeye, mpishi mwenzake, dobi na karani wa mapokezi ndio wanaojua nani aliketi wapi, nani alikopeshwa chakula hadi mwisho wa mwezi, na lini Mwafrika wa kwanza aliitiwa kiti pale ambapo baba yake alipangusa vumbi. Na wengi wao hawakuwahi kuulizwa. Watafutwe Magomeni, Ilala na Kariakoo kwenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinao wanafunzi wa historia wanaoweza kuanza kazi hiyo katika likizo moja, wakipewa vinasa sauti na nauli ya daladala.