Plaje ya watoto imekwenda wapi?

Wamama wenzangu, jamani. Juma lililopita kitinda mimba wangu aliona picha ya zamani kwa shangazi yake: wasichana sita tumejipanga kwenye mchanga, nywele zimelowa, ziwa liko nyuma yetu. Akauliza, "Mama, hapa ni Bujumbura?" Nikamwambia ni hapa hapa Uvira, mahali unapochota maji kila asubuhi. Akacheka. Alifikiri namdanganya.

Simlaumu. Ninyi mliokulia hapa mnakumbuka Jumapili zile baada ya misa. Hatukuwa na bembea za chuma wala magari ya kuzunguka kama watoto tunaowaona kwenye televisheni. Tulikuwa na mchanga tu, na ulitosha. Wasichana tulicheza nzango mpaka tunaishiwa pumzi, wavulana wakielea juu ya mipira ya ndani ya magurudumu ya malori. Mvuvi mmoja aliwazungusha watoto kwa mtumbwi kwa pesa kidogo, na mpiga picha alipita na kamera yake. Wamama walikaa kando na sufuria ya ndagala, wakihesabu vichwa. Mwaka mpya na tarehe 30 ya mwezi wa sita, hapakuwa na nafasi ya kutandika hata kitenge kimoja.

Leo mahali pale ni maji. Mengi tuliyaona wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 17 ya mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulishuka na mawe na matope, ukabeba nyumba na watu. Mwezi ule ule, ng'ambo ya mpaka, Rusizi iliingia Gatumba. Na ziwa lenyewe lilikuwa linapanda polepole, likapanda tena 2021, na mwaka 2024 hata bandari ya Kalundu ikaingiliwa na maji. Mto huja kwa kelele na kuondoka. Ziwa halipigi kelele, linakula hatua moja moja: leo mwembe, kesho choo, kesho kutwa ukuta wa jirani.

Bibi yangu hakushangaa. Yeye alihesabu miaka kwa "mwaka wa maji", akimaanisha 1964. Mvua kubwa za mwisho wa 1961 na za 1962 zilijaza Tanganyika, na ziwa likafika juu kabisa mwezi wa tano 1964, mwezi ule ule Simba walipoingia Uvira. Kwake maji na vita vilikuwa habari moja: unakimbia huku, unakuta ziwa, unakimbia kule, unakuta bunduki. Halafu maji yakarudi nyuma, mwaka kwa mwaka, na mchanga tuliouchezea sisi ukatokea. Plaje ya picha yangu ilikuwa chini ya maji mama yangu alipokuwa msichana!

Na kabla ya hapo pia. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa jua, kama mvuke. Yanayobaki hupita Lukuga. Stanley alipofika huko 1876 alikuta mlango umezibwa kwa matope na mafunjo, na ziwa lilikuwa linazidi kupanda. Miaka michache baadaye kizuizi kikabomoka, na kufikia miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka karibu mita 10. Mita kumi, wamama! Ni zaidi ya nyumba ya ghorofa mbili.

Kwa hiyo mchanga utarudi. Sijui kama nitakuwa hai, lakini utarudi, na hapo ndipo ninapoogopa. Maana mtaani kwetu, kiangazi kilichopita maji yaliposhuka kidogo, mchanga haujakauka tayari mtu alikuwa ameshapiga vigingi. Mama mmoja wa likelemba yetu alitoa zamu yake yote kununua parseli pale, kwa karatasi yenye muhuri. Mvua zikaja. Anayo karatasi bado. Parseli wanaogelea samaki. Aliyemuuzia hapokei simu.

Wenzetu wa Burundi wameandika katika sheria yao ya maji kwamba mita 150 kutoka Tanganyika zisijengwe. Kuifuata ni habari nyingine, hata huko. Lakini angalau mtu akipiga vigingi unaweza kumwonyesha ukurasa.

Sisi watoto wetu wanacheza wapi sasa? Wa kwangu wanacheza kwenye mtaro nyuma ya nyumba zilizobomoka, kati ya vyuma na vyoo vilivyojaa maji, katika mji ambao kipindupindu hakijawahi kutuacha. Nikiwafukuza wanakwenda barabarani, kwenye pikipiki.

Tukikutana Jumamosi nitaomba dakika kumi. Nataka kila kikundi kituambie, katika mtaa wake, maji ya 1964 yalifika wapi: mti gani, kanisa gani, jiwe gani. Waulizeni wazee wiki hii, hasa wale wa Kalundu na Kavimvira. Tukishajua, tutakwenda pamoja kwa chifu wa mtaa, kabla ya wenye vigingi. Picha yangu nitakuja nayo.