Mashauri kwa Wakulima: Nondo Wawili Wafananao

Nondo wa viwavi jeshi wa Afrika, walao nyasi za malisho na nafaka, hufanana mno na ndugu yake mgeni kutoka bara la Amerika, aliyeonekana Kenya mwaka 2017. Wote wana rangi ya kijivu na hudhurungi. Basi mtazameni dume anaswaye katika mtego: mgeni ana doa jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele, mwenyeji hana. Majike ni vigumu kuwapambanua kwa macho matupu. Kukosea ni hasara: viwavi wenyeji husafiri kwa makundi, bali wageni hujificha ndani ya moyo wa mmea wa mahindi, dawa isiwafikie. Mwenye shaka na amwonyeshe Bwana Shamba kabla ya kunyunyiza.