TUJIFUNZE PAMOJA: Kanisa Kuu la Chartres na vioo vyake

Mwezi huu tunaongea juu ya kanisa kuu la Chartres, huko Ufaransa, karibu kilomita 90 kutoka Paris. Asiye Mkatoliki naye asome tu, somo ni la wote.

Mwaka 1194 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kanisa hilo. Watu walilia, wakifikiri kwamba hata nguo inayoaminika kuwa ya Bikira Maria imeungua. Siku chache baadaye ikapatikana salama chini ya kanisa. Basi wakapata moyo, wakaanza kujenga upya. Kazi kubwa ilichukua miaka kama 30 hivi, na mwaka 1260 kanisa likawekwa wakfu.

Dari lake la mawe liko juu karibu meta 37. Mafundi walitaka madirisha makubwa, lakini dari zito linasukuma kuta kwa nje, na ukuta wenye matundu mengi hauna nguvu. Wakafanyaje? Walijenga matao ya mawe upande wa nje, yanayouegemeza ukuta usifunguke. Ni kama sisi tunavyoegemeza mti kwenye ukuta wa matope wakati wa mvua. Akili ni ile ile.

Madirisha yenyewe ni zaidi ya 170, ya vioo vya rangi, na bluu yake inasifiwa dunia nzima. Yanaonyesha habari za Biblia na watakatifu. Lakini ukitazama sehemu za chini utaona waoka mikate, washona viatu, maseremala, hata wachukuzi wa maji. Si wafalme peke yao! Mwenye kubeba maji naye yumo kanisani, miaka 800 sasa.

Mwaka 1939 vita vilipokaribia, watu waliviteremsha vioo hivyo, wakavifunga ndani ya masanduku, wakavipeleka mbali. Vita vilipokwisha vikarudishwa mahali pake, na mpaka leo vipo.

Tuliposimulia hayo darasani, mtoto mmoja wa darasa la nne akauliza: "Mwalimu, mbona sisi hatukutoa vitu vyetu mapema?" Tulinyamaza kidogo. Kisha tukamwambia ukweli: wale walipata muda, sisi wengi tulitoka usiku, mikono mitupu, na kushika mtoto tu ilikuwa kazi.

Lakini wazazi, kuna vitu mlivyotoka navyo kichwani. Mnakumbuka kanisa au msikiti wa kijijini, mlango ulitazama wapi, nani alipiga matofali, kengele ililia namna gani. Watoto waliozaliwa hapa kambini hawajui hata kimoja. Wakiuliza, wengine wanajibiwa "acha hayo". Tunaelewa, yanauma. Hata hivyo tunawaomba, jioni moja mkikaa, msimulieni mtoto jengo moja tu la kwenu, naye alichore.

Mleteni na mchoro wake darasani kabla ya mwisho wa mwezi. Andikeni jina la kijiji na la fundi aliyejenga, kama mnalikumbuka. Tutaibandika yote ukutani. Wasio na karatasi waje, tutagawana tulizo nazo.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Walimu wenu wa kujitolea