Nukta kubwa si ushamba, jamani!

Wadau, leo naweka pembeni habari za mitihani, kuna jambo limenikaa kooni. Hapa chuoni kwetu Marekani tuna klabu ya kulenga shabaha kwa bastola. Humo kuna imani imeota mizizi: eti ukinunua kilengeo cha nukta nyekundu lazima uchukue nukta ndogo, MOA 2 au 3, na anayetaka 6 ni mshamba. Wiki hii dada mmoja wa mwaka wa kwanza, mwenye hela ya kuungaunga, kaambiwa hivyo hivyo. Nasema hapana.

Tupige hesabu, si tuko chuo? MOA moja ni digrii moja ukiigawa mara 60. Kwa mita 25 inafunika kama milimita 7. Kwa hiyo nukta ya 2 inafunika sentimita 1.5 hivi, na ya 6 kama sentimita 4.4. Sasa chukua karatasi ya ISSF ya kupiga polepole kwa mita 25: duara la kumi lina upana wa sentimita 5. (ISSF hawaruhusu vilengeo hivi kwenye bastola, natumia karatasi yao kama rula tu.) Yaani hiyo nukta "kubwa" inaingia yote ndani ya kumi na nafasi inabaki! Na sisi wanagenzi tunapiga mita 7 mpaka 15. Huko inafunika nini cha kuogopa?

Watasema ndogo ina shabaha zaidi. Mkono ukitetemeka unatetemeka tu, nukta haiutibu. Mgeni akipewa kidoti kidogo anatumia muda kukitafuta kwenye kioo, akikipata anakikimbiza, mwisho anavuta triga kwa pupa. Risasi inaenda zake. Tena jua likiwa kali anaongeza mwanga ili akione, kinaanza kuchanua machoni, ule udogo aliolipia umeyeyuka. Nukta kubwa inaonekana hata kwa mwanga wa chini.

Nisiwaonee: ukipiga sahani ndogo kwa mita 50, nukta ya 6 inafunika karibu sentimita 9, hapo chukua ndogo kwa raha zako. Ndiyo maana Trijicon RMR, iliyotoka 2009, imeuzwa kwa MOA 1, 3.25 na 6.5. Kila saizi ina kazi yake, hakuna ya wajanja na ya washamba.

Kinachoniuma ni huyu dada. Hela yake ni ya kununua mara moja tu. Akinunua cha kumfurahisha kaka wa mwaka wa nne halafu kimshinde, ataona yeye ndiye hajui, ataacha. Mwacheni ashike vyote viwili, apige, achague kwa jicho lake.

Nawasilisha. Mbishi aje na rula.